Msemaji wa Mangungo

Hapa Berega mtu akienda Ulaya huwa tunajua amefuata nini. Tuna hospitali ya misheni na tuna kanisa, na karibu kila Mzungu aliyewahi kukanyaga vumbi letu alikuja kwa moja ya hayo mawili: kutibu au kuhubiri. Basi niliporudi kutoka Uholanzi, baada ya muhula wangu wa kubadilishana wanafunzi, nilikuta kesi imeshaamuliwa bila mimi kusikilizwa. Wazee wananiita mchungaji. Akina mama wananisimulia migongo yao, na mmoja alishaanza kuvua kiatu anionyeshe kidonda. Nikawaambia jamani, nilikwenda kusoma sheria ya kimataifa na sheria ya Ulaya. Mjomba akanitazama kwa huruma.

"Kwani wenyewe hawaijui?"

Kwetu Wakaguru ukoo unafuata mama, kwa hiyo mjomba si mtu wa kujibiwa juu juu. Nikamweleza taratibu kwamba Umoja wa Ulaya una nchi 27, una mahakama yake Luxembourg, na tangu mwaka 1964 mahakama hiyo inashikilia kuwa sheria ya Umoja ikigongana na sheria ya nchi, ya nchi ndiyo inayokaa pembeni. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kama shida yangu ilikuwa mambo ya kimataifa, sikuwa na haja ya kupanda ndege. Soko la Kimataifa la Kibaigwa lipo, nauli yake ya basi tu, na unarudi jioni ukiwa na hela ya mahindi.

Laiti angejua nilivyohangaika kuondoka. Ubalozi mmoja ulitaka nithibitishe kwamba nitarudi. Si kwa kuapa, kwa karatasi: taarifa ya benki, bima, barua ya chuo, barua ya ufadhili, na ushahidi wa kitu kitakachonivuta nyumbani. Nikamwendea mtendaji wa kijiji. Akaniandikia barua safi kabisa, kwamba ninafahamika, sina ugomvi na mtu, na familia yetu ina shamba la alizeti. Akaigonga muhuri mara mbili ili wasije wakasema ni ya kughushi. Yule wa dirishani akaisoma, akaigeuza nyuma kama kuna kilichobaki, akauliza hati ya shamba iko wapi. Hati! Shamba la ukoo, upande mmoja limepakana na korongo, upande wa pili na baba mdogo ambaye kila msimu anasogeza mpaka kwa jembe. Hati yake iko kwenye vichwa vya wazee, na wazee hawapigwi fotokopi.

Linganisha na yule Mjerumani, Karl Peters. Novemba 1884 alishuka Zanzibar na wenzake kwa majina ya bandia, hana barua ya mtendaji, hana taarifa ya benki, na serikali yake mwenyewe ilikuwa haijamtuma. Wakavuka kwenda bara, wakapanda kuja pande zetu za Usagara, na tarehe 29 ya mwezi huo wakawa Msovero, ndiyo Msowero ya leo. Hapo ndipo Chifu Mangungo alipoweka alama yake kwenye karatasi ya Kijerumani, eti mkataba wa urafiki wa milele, na nchi yake yote ikahesabiwa kuwa imekabidhiwa chama cha Peters cha kutafuta makoloni. Mkutano wa Berlin ulifungwa tarehe 26 Februari 1885. Kesho yake tu Kaisari akatoa barua ya kuyatambua na kuyalinda maeneo ya Peters. Hakuna dirisha lililomuuliza hati ya shamba.

Haya ya Mangungo nilidhani ninayaacha Tanzania. Shuleni kila mtoto amefundishwa kumcheka. Mkataba wowote wa madini ukinuka, wanasiasa wanamfufua yule mzee, wanamsimanga, wanamrudisha kaburini mpaka mkataba mwingine. Na sisi wa wilaya ya Kilosa tunaipata mara mbili, maana Msowero ipo palepale, unaipita ukitoka Dumila kwenda Kilosa mjini. Ukijitambulisha chuoni tu kwamba unatoka Kilosa, kuna mtu anaficha kalamu. Nikasema Uholanzi nitapumzika. Somo la sheria ya mikataba, mada ya ridhaa, mwalimu akawasha projekta: Msovero, 29 Novemba 1884.

Halafu akauliza kama kuna anayetoka sehemu hizo.

Tangu siku hiyo nikawa msemaji wa Mangungo. Je, alielewa alichotia alama? Mkalimani alikuwa wa nani? Kwa nini hakuomba muda wa kufikiri? Mimi niliyezaliwa zaidi ya karne moja baadaye ningejua nini! Nikajaribu kuwaambia Msowero na Berega ni mahali pawili tofauti. Wakaandika na hilo madaftarini. Mwenzangu mmoja akasema leo Mkataba wa Vienna wa 1969 ungeubatilisha, maana una vifungu vya udanganyifu na vya kutishwa. Mwingine, yule anayesoma mpaka tanbihi, akatoa kesi ya Kisiwa cha Palmas ya mwaka 1928: tendo linapimwa kwa sheria ya wakati wake. Wote wakanigeukia, kana kwamba Mangungo ndiye atakayetoa hukumu. Nikasema sheria ya wakati wake ilitungwa na waliokuja na kalamu, na mwenye nchi hakualikwa Berlin hata kama mtazamaji. Mwalimu akafurahi. Mimi sikufurahi, nilikuwa na njaa.

Mchana, kantini, nikiwa nimetia mdomoni kipande cha mkate wa jibini (mchana wao ni mkate na jibini, na kesho yake ni jibini na mkate), akanijia kijana wa Kijerumani kutoka darasani. Akasimama wima, akaniomba radhi kwa ajili ya Karl Peters. Sikujua pa kuanzia. Ukiombwa radhi ya namna hiyo unaipokea kwa niaba ya nani? Ya Msowero? Ya Usagara nzima? Na jibini limeng'ang'ania kwenye kaakaa, siwezi hata kusema asante. Nikatikisa kichwa, naye akashika moyo, akaondoka ametulia. Nina wasiwasi mpaka leo kwamba nilisamehe kitu ambacho sikuwa na mamlaka nacho.

Chumba cha kupanga nacho. Wakala ananiletea mkataba wa Kiholanzi, na tafsiri ya Kiingereza yenye maneno ya chini kabisa kwamba tafsiri haifungi, kinachofunga ni cha Kiholanzi. Ndugu zangu, mtu wa Kilosa hatii saini hapo. Niliketi nikasoma kifungu kwa kifungu, nikiuliza kila neno, huku foleni nyuma yangu inarefuka na wakala anaitazama saa. Mwishowe akaniambia kwa upole kwamba hapo ofisini hakuna mpangaji anayekisoma kile kitu. Wanatia saini, wanachukua ufunguo. Wanafunzi wa sheria! Walewale walioniuliza kwa nini Mangungo hakuomba muda wa kufikiri, nimewaona kwa macho yangu wakifungua programu mpya kwenye simu, yanashuka masharti marefu kuliko Agano la Kale, wanabonyeza "nakubali" kabla chai haijapoa. Na huko hakuna aliyewashikia bunduki.

Sheria ya Ulaya yenyewe ni pana, na inachosha kuanzia kwenye majina. Kuna mabaraza matatu yenye majina yanayokaribia kufanana, na moja kati yake wala si la Umoja. Mtihani unapenda hapo. Kilichonipendeza ni ndizi. Mwaka 1994 Ulaya ilitunga kanuni ya ndizi: isipungue sentimeta 14 kwa urefu, milimita 27 kwa unene, na isiwe na mpindo usio wa kawaida. Matango nayo yalikuwa na kanuni yake iliyopima mpindo kwa milimita, mpaka ikafutwa mwaka 2009. Nilipomsimulia mjomba alicheka mpaka akashika nguzo ya kibaraza. Lakini hakucheka nilivyotaka acheke.

"Kwa hiyo huko mnunuzi hawezi kuja na kipimo chake?"

Nikakumbuka lumbesa. Sheria yetu ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100, na lumbesa ni marufuku, kila mwaka kiongozi fulani anaipiga marufuku upya. Nenda shambani wakati wa mavuno uone. Dalali anakuja na gunia lake, limejaa hadi mdomoni na bado halijajaa. Anaongezea wavu juu, anashindilia viazi kwa goti, anatia tena, anashona kilemba kwa kamba ya katani mpaka gunia linakuwa na kichwa na mabega, anakulipa gunia moja. Ukilalamika anakuuliza kama una mteja mwingine. Wale wa Brussels wamechekwa dunia nzima kwa kupima ndizi kwa rula, na magazeti ya Uingereza yamewachora katuni kwa miaka. Mimi nimeacha kuwacheka. Mleteni huyo mtu wa rula Gairo, siku ya gulio.

Halafu kuna jambo lililoniuma zaidi, nalo sikuwa na wa kumsimulia ila mjomba. Huko Ulaya mtu binafsi akitaka kuipinga sheria ya Umoja moja kwa moja Luxembourg, mlango ni mwembamba. Waliubana mwaka 1963 kwenye kesi ya Plaumann, mwagizaji wa machungwa madogo, na haujapanuka sana tangu hapo. Sisi je? Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kifungu cha 30, unamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kwenda Mahakama ya Arusha kulalamikia kitendo cha nchi kinachovunja Mkataba. Mkazi yeyote! Mkulima wa Berega ana mlango mpana kuliko mkulima wa tulipu. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, malori yakapanga foleni mpakani, mtu wa hapa angeweza kabisa kufunga safari kwenda Arusha. Masharti ni kwamba uende ndani ya miezi miwili. Mjomba akaniuliza hiyo miezi miwili inaanza lini kuhesabiwa. Nikamwambia tangu kitendo kifanyike au tangu ukijue. Akasema basi yeye bado yuko ndani ya muda, kwa sababu ndiyo kwanza anajua leo.

Nikaacha kufundisha. Lakini habari zilikuwa zimeshasambaa kwamba kwetu kuna mtu anayesoma mikataba, na wa kwanza kuja walikuwa vijana wa bodaboda. Hawa pikipiki zao ni za mkataba: tajiri anainunua, dereva anapeleka elfu kumi kila siku, na muda ukitimia pikipiki inakuwa yake. Kijana akanipa karatasi iliyokunjwa mara nane, ina harufu ya petroli, imechapwa steshenari ya Dumila na makosa yake yote. Kifungu cha tano: dereva akikosa hesabu siku tatu, pikipiki inarudi kwa mwenyewe na fedha zote zilizokwisha kulipwa "zitakuwa zimepotea". Yaani mvua za masika zikikata barabara siku ya mia tatu, umeendesha karibu mwaka mzima bure.

Hapo damu ikanichemka, maana hilo nilikuwa nimelisoma. Ulaya wana mwongozo namba 93/13 wa mwaka 1993: sharti linalomwelemea mlaji kupita kiasi, kinyume cha nia njema, halimfungi. Kuna kesi yake maarufu ya mwaka 2013, ya Mohamed Aziz, Mmoroko mfanyakazi aliyepoteza nyumba yake Hispania kwa mkopo wa benki. Mahakama ya Luxembourg ikasema jaji lazima awe na uwezo wa kusimamisha utekelezaji ili sharti lichunguzwe kwanza. Kweli, yeye mwenyewe alikuwa ameshatolewa ndani zamani. Na kweli, mwalimu wangu angeanza kwa kuuliza kama dereva wa bodaboda ni mlaji au mfanyabiashara, na mjadala ungefika saa sita. Nikamweleza kijana yote hayo kwa moto. Akawa ananiitikia, macho yameng'aa.

"Kwa hiyo hiyo ya Luxembourg inafika na huku?"

"Hapana."

Akakunja karatasi yake mara nane tena. Akasema ana abiria wa hospitali anamsubiri.

Hakunilipa, wala wenzake waliomfuata hawakunilipa, mmoja tu aliniletea mahindi mabichi. Nilichopata ni tajiri mwenyewe, jioni, na gari lake, kaliegesha mpaka kwenye mlango wa jiko. Kasikia mkataba wake nimeuona una matundu. Nikajiandaa kwa ugomvi. Kumbe amekuja na bahasha. Anataka niuandike upya, vizuri, kwa lugha ya kimahakama, uzibwe kila mahali. Nikamwambia mimi bado mwanafunzi, sijapita Shule ya Sheria, siruhusiwi kufanya uwakili. Akasema hataki wakili, anataka mtu wa kuandika. Akavuta kiti cha mjomba, akakaa, akanitajia vifungu kimoja kimoja huku mjomba amesimama. Elfu kumi iwe kumi na mbili. Siku tatu ziwe mbili.

"Na mwisho uweke kingine," akasema. "Dereva haruhusiwi kumpelekea mkataba huu mtu yeyote aliyesoma Ulaya."