Hesabu za Makanyagio

Naishi Makanyagio, hapa Mpanda. Jina la mtaa linakudai ukanyage ardhi, lakini mimi miaka yote nilibebwa na bodaboda. Siku niliyopanda mizani katika zahanati moja, muuguzi aliutazama mshale, akanitazama mimi, akasema, "Baba, hebu shuka kwanza niirudishe sifuri." Nikashuka. Ilikuwa sifuri tangu mwanzo.

Binti yangu akaniwekea programu ya kuhesabu kalori kwenye simu. Programu yenyewe inaijua pizza, haimjui mgebuka. Niliandika "mgebuka wa kukaanga", ikakaa kimya, nikachagua "samaki wa kuchemsha", maana simu haina pua. Ugali nao inautaka kwa gramu! Mimi nahesabu matonge, na tonge langu la njaa si lile la mbele ya wageni. Lipo jedwali la vyakula vya Tanzania, lilitoka mwaka 2008, na ugali umo. Nililifungua mara moja, nikalifunga. Lile halidanganyiki.

Nikaanza kutembea alfajiri hadi stesheni ya reli na kurudi, saa nzima. Simu ikanipongeza: umechoma kalori 250. Balaa ni mama wa chapati aliyekaa pale stesheni, siku za treni ya Tabora ndiyo usiseme. Chapati moja nene inakaribia kalori 300. Nilikula mbili, moja ya safari niliyomaliza, nyingine ya kunirudisha nyumbani. Zamani chapati nilikuwa naila kwa aibu kidogo, nimeupa ukuta uso. Sasa naila hadharani, kama mshahara wangu. Mazoezi hayakunipunguza mwili, yalinipunguza haya.

Asali siihesabu kabisa. Shemeji yangu huniletea dumu kutoka Inyonga, na asali ni dawa, nani anahesabu dawa? Kijiko kimoja cha mezani kina kalori sitini na kitu. Nakunywa kimoja kila nikikohoa, na siku hizi nakohoa sana.

Jumapili moja tulikwenda Sitalike kuwatazama viboko wa Mto Katuma. Wamelala kwenye tope, mgongo kwa mgongo, kila mmoja na uzito wa tani na zaidi. Mama watoto, ambaye kwa wiki tatu alikuwa ananisukumia matembele, alikuwa kando yangu. Nikaona nafasi yangu imefika.

"Mama, unamwona yule? Usiku mmoja anakula kilo arobaini za majani. Majani matupu!"

Hakugeuka hata kunitazama. "Na mchana kutwa unaona anavyolala?"

Tulirudi Mpanda bila maongezi mengi.

Mwezi wa kwanza umekwisha. Sijakosa asubuhi hata moja. Nimeongezeka kilo moja na nusu, na mama wa chapati ameongeza benchi.