Mkaja wa Rupia za Karatasi

Babu yangu mzaa mama alimaliza kulipa mkaja wa mama mkwe wake akiwa tayari ana watoto wawili. Kwa mtu wa Dar es Salaam wa zama zile hiyo ni fedheha, na kila harusi ya ukoo wetu ilipofika kwenye kuhesabu fedha, hakukosekana shangazi wa kuikumbusha. Nimelelewa nikiisikia. Naieleza hapa kwa sababu waliokuwa wakiisimulia walimbebesha babu lawama ambazo ni za Vita ya Kwanza ya Dunia.

Mwaka 1914 babu alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la Mhindi, upande wa Gerezani. Mji ulikuwa umechangamka. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma mwezi wa Februari, na serikali ya Wajerumani ikatangaza maonyesho makubwa ya kuisherehekea, yafanyike Agosti papo hapo Dar es Salaam. Mwenye kazi ya mikono hakulala njaa. Babu alishona mpaka usiku kwa taa ya kandili.

Bibi alifika barazani na mdogo wake wa kiume, ameleta kanga ipindwe. Baada ya siku chache akarudi, pindo limefumuka. Babu akalishona upya, akaomba radhi, hakudai kitu. Likafumuka tena. Safari hii babu aliiinua ile kanga kwenye mwanga, akaona uzi haukukatika. Ulikuwa umechomolewa mshono mmoja mmoja kwa sindano, na matundu yamebaki yamejipanga sawasawa. Hakusema neno. Aliipinda kanga, nyeusi na nyeupe, kwa uzi mwekundu, ili mwenyewe ajue ameonekana. Bibi alipofika nyumbani akaukuta ule wekundu, alijifunika gubigubi akasingizia homa. Alinisimulia haya akiwa mzee kabisa, na bado aliziba uso kwa kiganja.

Mama mtu hakuamini habari ya homa. Alikwisha kuona nyuzi chini ya mkeka.

Babu akamtuma mshenga. Alikuwa rafiki yake wa chanda na pete, kuli wa bandarini, kijana mwenye kauli. Akaenda na posa, akarudi na jibu: mahari rupia 60, kilemba cha mjomba rupia 10 (baba wa bibi alikwisha fariki), na mkaja wa mama rupia 15. Ili uone uzito wake, kodi ya kibanda kule shamba ilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Mahari ililipwa yote mwezi wa Shaabani, kwa rupia za fedha zenye kichwa cha Kaiser na kofia yake ya chuma iliyokaliwa na ndege. Mkaja na kilemba vilingoja harusi. Harusi ilingoja Mfungo Mosi, Ramadhani ikishapita, mji ukiwa bado umepambwa kwa maonyesho.

Ramadhani iliandama mwishoni mwa Julai. Tarehe 31 ya mwezi huo manowari ya Kijerumani, Königsberg, iling'oa nanga ikatoka bandarini, na mshenga ndiye aliyeleta habari kwamba wakubwa wa bandari hawana raha. Tarehe 8 Agosti, mji umefunga, manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea ikafyatua mizinga kuuelekea mnara wa simu ya upepo. Mama mtu alikuwa uani anatwanga mchele wa vitumbua vya kufuturu. Kinu kilipinduka, unga ukamwagika mchangani, wala hakuutazama. Aliingia jikoni, akayaondoa mafiga, akachimba, akafukia kopo la bati lenye zile rupia 60, kisha akarudisha mafiga juu yake na kuwasha moto. Gavana Schnee alikuwa bado anatumaini mji utasalimika. Huyu mama hakuwa na tumaini hilo.

Wajerumani wakauangusha mnara wao wenyewe na kuizamisha gati yao ya kuelea kwenye mlango wa bandari. Idi ikaja, maonyesho hayakuwapo, na mjomba akasema haozeshi mtu mizinga inalia. Tarehe 28 Novemba meli za kivita Goliath na Fox zikaupiga mji hasa, hata jumba la gavana likabomoka. Ukoo mzima ukashika njia kwa miguu kwenda Kisarawe kwa ndugu, sufuria kichwani. Kopo likabaki chini ya mafiga.

Babu hakwenda nao. Serikali ilikuwa imehamia Morogoro na ilihitaji mafundi wa kushona kaki za askari. Alikaa huko karibu miaka miwili. Meli za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani, fedha mpya haiingii, na walio na rupia walizificha kama mama mtu. Basi tangu 1915 Wajerumani wakachapa noti hapa hapa nchini, nyingine kwa karatasi ngumu mbaya. Babu akalipwa karatasi, akaweka akiba karatasi. Alizihesabu kila Ijumaa: za mkaja huku, za kilemba huku. Mshenga alichukuliwa upagazi mwaka 1915, akafuata jeshi na mzigo kichwani.

Waingereza waliingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916. Babu alirudi kwa miguu kando ya reli, maana Wajerumani walivunja madaraja walipokuwa wakirudi nyuma. Akaikuta familia imeshatoka Kisarawe. Siku ya pili akaenda ukweni, akaziweka noti zake juu ya mkeka.

Mama mtu hakuweza kusema na mkwewe ana kwa ana, adabu haikuruhusu. Alisema na nduguye, babu akiwa hatua mbili kutoka pale. "Kaka, hebu mwambie bwana huyu, nani Dar es Salaam nzima atanipimia unga kwa hizi?" Mjomba akamgeukia babu akarudia neno kwa neno. Babu akajibu, kwa mjomba, kwamba amezitolea jasho. Lakini serikali iliyozichapa ilikuwa inakimbia porini, hilo hata mtoto alilijua.

Kisha ikaja kubwa zaidi. Mama mtu alisema mkaja waliokubaliana ulikuwa rupia 25. Babu akasema 15. Wa kuamua alikuwa mshenga, na mshenga hakuwapo. Wapagazi waliokufa katika vita ile, wa pande zote, ni makumi ya maelfu. Vitabu vinavyosifu ujanja wa kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, porini huwapitia haraka, na hilo linaniuma, kwa sababu kwetu mmoja wao ndiye aliyeondoka na neno la ndoa.

Aliyeukata ubishi ni bibi, kutoka nyuma ya pazia. Mahari ni haki yangu, alisema, na nimekwisha kuipokea; yenu ni yenu. Mama mtu akaenda kuyaondoa mafiga. Chini hakukuwa na kitu. Wakati nyumba iko tupu wageni walipika humo, wakayasogeza mafiga, basi sakafu nzima ya jikoni ikachimbuliwa, babu na mjomba wakiinama pamoja, mpaka jembe likagonga bati ukutani. Rupia zilikuwa nyeusi tititi. Lakini rupia ya Kijerumani ilikuwa na uzito ule ule wa ya Kihindi, na fedha ni fedha. Sonara alizisugua, nyingine akazifua bangili.

Wakaoana mwanzoni mwa 1917, mkaja ukabaki deni. Likavuka rupia za Kihindi, likaikuta shilingi mwanzoni mwa miaka ya 1920, na kila fedha ilipobadilika babu alianza kuhesabu upya.

Siku moja mama yake mshenga alikuja kumwona mtoto wa pili wa bibi, akawakuta wanabishana 15 na 25. Akawaambia wote wawili wanasema kweli. Mwanawe alitajiwa 25, akaona rafiki yake hatazimudu, akamwambia 15. Kumi zilizozidi angezitoa mwenyewe kwa ujira wa bandarini, na alikwisha kuziweka. Mama yake alizila wakati wa njaa ya vita, akimngoja.

Babu alipeleka shilingi 50, ndizo rupia 25. Mama mtu akachukua 30, na 20 akampelekea mama yake mshenga. Tangu hapo, katika ukoo wetu fungu la mshenga hutolewa kwanza, kabla mahari haijaguswa.