Rangi Milioni 16 katika Nyumba ya Watani wa Jadi

Taa ya feni za kompyuta, zile zinazozunguka huku zikimulika, inaweza kutoa rangi 16,777,216. Hesabu yake ni rahisi: ngazi 256 za nyekundu, mara ngazi 256 za kijani, mara ngazi 256 za buluu. Aliyepiga hesabu hiyo hajawahi kuishi Dar es Salaam. Hapa rangi huenda kwa jozi: nyekundu na nyeupe ni Simba, kijani na njano ni Yanga, na hizo milioni zilizobaki ni za Azam au za wageni waliokuja mjini kusalimia ndugu.

Mimi ni Simba. Mke wangu ni Yanga, tena Yanga wa kurithi, na kila apatapo upenyo hunikumbusha kwamba klabu yake ilianzishwa 1935 na yangu 1936. Kwa hiyo nilipoamua kuunda kompyuta ya gemu, yenye kioo ubavuni na taa mpaka kwenye ramu, nilijiandaa kutetea bei. Bei ilijadiliwa ikaisha kabla ya chakula cha usiku. Rangi ilichukua msimu mzima wa ligi.

Wajuzi watakwambia taa haziongezi kasi hata chembe, na ni kweli. Lakini vifaa vyenye kasi vina namba, na namba humaliza ubishi. Watu wakibishana juu ya prosesa hii na ile, mnafungua jedwali la vipimo, mnalinganisha, mnanyamaza. Rangi haina jedwali. Rangi ina wenyewe.

Prosesa, kwa mfano, haikunisumbua. Nilichagua Ryzen 7 7800X3D, ambayo AMD waliitoa Aprili 2023 kwa bei ya kutangazwa ya dola 449. Ina viini 8, na kinachowapagawisha wacheza gemu ni akiba yake ya ndani ya megabaiti 96, iliyojengwa kwa ghorofa: megabaiti 32 za chini, na tabaka la 64 limebandikwa juu yake. Data za gemu zinakaa mlangoni pa viini, hazifuatwi mbali kwenye ramu. Ni ufundi wa hali ya juu, na hakuna atakayeuona. Ukishaipachika prosesa unaipaka dawa ya kupitisha joto, unaikandamiza kwa kipozeo, mkaagana.

Mke wangu alisimama akinitazama nikiifunika. "Hiyo ndiyo ile ya dola mia nne na ushee?"

"Ndiyo hiyo."

"Na ndiyo imekwenda hivyo?"

Ramu ndiyo iliyonipeleka Kariakoo, tena wiki ya mechi ya watani. Soketi ya prosesa hiyo, AM5, inakubali DDR5 peke yake. Nilibeba mazabodi yangu kwenye boksi lake nipate kujaribishia palepale, nikavaa na jezi, maana Mtaa wa Msimbazi ni nyumbani. Kijana wa dukani alikuwa na ramu zenye taa za kupendeza mno, ila zilikuwa DDR4.

"Bosi, ramu ni ramu," alisema.

Kwa mbali huwezi kumlaumu. Zote mbili zina pini 288 na urefu wao ni ule ule. Tofauti ni kale kapengo kalikokatwa kwenye ukingo wa chini, ambako waundaji walikasogeza makusudi ili ramu isiingie pasipo pake. Kijana akaitoa moja kwenye pakiti, akailenga mazabodi yangu, akasema, "Inaingia hii, ni kuisukuma tu." Nikaikinga mazabodi kwa kifua. Mteja mmoja nyuma yangu, aliyekuwa ameiona jezi, akawatangazia waliokuwepo kwamba siku hizi Simba wote wanacheza kwa kujilinda.

Kadi ya grafiki nilimwagizia shangazi yangu anayeishi Dubai. Kule Bur Dubai, kando ya barabara ya Khalid bin Al Waleed, maduka ya kompyuta yamesongamana kama yalivyosongamana ya vitenge kwetu, na shangazi anayajua kwa sababu kila mpwa aliye nyumbani ana simu au laptopu anayoisubiri. Nikamwandikia jina kamili: RTX 4070 Super, gigabaiti 12, nyeusi. Akanipigia akiwa dukani.

"Mwanangu, nyeusi inavuta joto. Na nyinyi nyumba yenu haina kiyoyozi."

"Shangazi, kadi inakaa ndani ya keisi. Jua haliifikii."

"Usinifundishe joto. Mimi naishi Dubai."

Akanunua nyeupe, ambayo kwa kawaida huuzwa ghali kidogo kuliko nyeusi kwa kosa la kuwa nyeupe tu. Ilifika salama salimini katikati ya mabaibui, imeviringishwa ndani ya kisutu. Mke wangu alipoiona kadi nyeupe ikichomoza kwenye kanga nyekundu, alishika kiuno. "Kumbe shangazi naye ni wa Msimbazi. Mbona hamkuniambia kabla ya harusi?"

Pawa saplai ilileta kesi ya aina nyingine. Kadi ile inakula wati 220, na NVIDIA wenyewe wanashauri saplai ya wati 650. Nikachukua ya 750 yenye cheti cha 80 PLUS cha daraja la dhahabu. Hiki ndicho kifaa ninachokiheshimu kuliko vyote. Ni mpishi wa harusi: hakuna anayempiga picha, lakini akikosea, ndoa nzima itakumbukwa kwa tumbo. Tatizo ni kwamba nilikuwa nikizungumza na muuzaji kwa simu sebuleni, nikasema kwa sauti, "Sawa, nimekubali, nipe ya dhahabu." Nilipokata simu, nyumba ilikuwa kimya. Nilieleza kwamba dhahabu hiyo ni daraja la ufanisi, kwamba kwenye umeme wetu wa volti 230, saplai ya daraja hilo ikibeba nusu ya mzigo wake haipotezi zaidi ya asilimia 8 kama joto. Nikaulizwa ni asilimia ngapi ya dhahabu hiyo inavalika shingoni.

Zikabaki feni, ndipo taa zilipo. Rafiki yangu anayejua mambo haya alinishauri nichukue za Noctua, kampuni ya Austria inayosifika kwa feni zenye nguvu zisizopiga kelele, na inayojulikana pia kwa kuzipaka rangi ya kahawia na krimu. Niliona ni suluhu ya kidiplomasia, kwani hakuna timu ya ligi kuu ninayoijua inayovaa kahawia. Watoto walizikataa kwa kauli moja. Walikuwa wamekwisha waahidi wenzao shuleni kwamba kwetu kuna kompyuta inayowaka.

Basi zikaja feni za taa, akaja na jirani yetu fundi redio, ambaye hajawahi kuona waya akaupita bila kuusalimia. Sasa, taa za kompyuta ni za aina mbili. Zipo za volti 12, zenye pini nne, ambazo feni nzima huwaka rangi moja. Na zipo za volti 5, zenye pini tatu, ambazo kila kijitaa huwaka rangi yake. Zetu zilikuwa za volti 5. Nilikwenda kumletea jirani maji ya kunywa. Niliporudi alikuwa ameshachomeka feni moja kwenye njia ya volti 12, kwa maelezo kwamba ilikuwa ngumu kidogo lakini ameibembeleza. Tukawasha. Feni ile ilimulika weupe mkali wa ajabu, kisha ikazimika moja kwa moja. Mota yake ina umeme wake mbali, kwa hiyo mpaka leo inazunguka vizuri, giza totoro katikati ya wenzake. Watoto wanaiita mjane.

Zilizobaki zikahitaji rangi, nikaitisha kikao. Nyekundu ilikataliwa na mwenyekiti. Njano na kijani nilizikataa mimi, nikaungwa mkono na mjomba wake mwenyewe, aliyepita kutusalimia akauliza kama uchaguzi umekaribia. Binti yetu alitaka zambarau, kaka yake akasema hakai chumba kimoja na zambarau. Mimi, kwa kutafuta amani, nikapendekeza buluu.

Nikaitetea kwa historia. Nikawaeleza kwamba katika taa hizi za LED, buluu ndiyo iliyowatoa watu jasho. Nyekundu ya kuonekana kwa macho ilipatikana tangu 1962, kazi ya Mmarekani Nick Holonyak. Buluu yenye mwanga wa kutosha ilisubiri mpaka miaka ya 1990 mwanzoni, na bila yake usingeweza kupata mwanga mweupe wa LED wala hizo rangi milioni kumi na sita. Ndiyo maana Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Nilizungumza vizuri, nadhani. Miaka thelathini ya jasho la wanasayansi, na mke wangu akaikata kwa neno moja.

"Azam."

Kikao kikavunjika bila azimio, kompyuta ikaamua yenyewe. Taa hizi zisipopewa amri huzungusha rangi zote za upinde wa mvua, na kuzipa amri ni shughuli. Ramu ni za kampuni moja, feni za nyingine, kadi ya tatu, mazabodi ya nne, na kila kampuni ina programu yake inayoamini kuwa ndiyo mkuu wa kaya. Ukiweka ramu nyeupe, programu ya mazabodi inazirudisha upinde wa mvua ukiwasha upya. Windows 11 ilianza kutoa sehemu moja ya kupanga taa mwaka 2023, na iko programu ya bure, OpenRGB, inayojaribu kuwapatanisha wote. Kabla sijaifahamu, masika yakaingia, na kumbikumbi wakapata habari za upinde wetu.

Waliingia usiku kupitia dirisha la sebuleni, wakaacha mabawa yao kwenye vichujio vya vumbi. Nyuma yao akaja mjusi kafiri, ambaye kwa busara zake aliona ndani ya keisi kuna joto, mwanga na chakula, akapanga juu ya kadi ya grafiki. Alikuwa mweupe. Mke wangu alimtazama kupitia kioo kwa muda mrefu, akasema hata huyo ametumwa.

Dawa ilipatikana ndani ya OpenRGB na vijalizo vyake: unaweza kuziambia taa zifuate joto la prosesa. Nikapanga hivi: chini ya nyuzi 60, kijani, kuanzia 60 hadi 75, njano, zaidi ya hapo, nyekundu. Hakuna aliyependelewa. Mashine ikipumzika ni Yanga, ikifanya kazi ni Simba. Nilipoutangaza mpango huu kwa maneno hayo hayo, mke wangu aliuboresha: Yanga ikishika madaraka nyumba inapoa, Simba wakija kila kitu kinaungua. Tukakubaliana, kila mmoja akiamini amemshinda mwenzake.

Msimu wa baridi ulikuwa wake. Kuanzia Juni hadi Agosti kompyuta ilikaa kijani wiki nzima, na nikicheza gemu la mpira ilipanda njano kwa aibu kisha ikarudi. Alikuwa akipita sebuleni akiwa na chai, anaitazama, anaguna kwa kuridhika. Kisha kaskazi ikaanza kuvuma, Desemba ikaingia na joto lake, na fizikia ikahamia Msimbazi. Kipozeo cha hewa hakitengenezi baridi. Kinahamisha joto kutoka kwenye prosesa kulipeleka chumbani. Chumba kikipanda nyuzi tano, prosesa nayo inapanda karibu tano hizo hizo. Kwenye sebule ya nyuzi 32, dakika chache za gemu zito zilitosha kuupaka ukuta wote wekundu. Prosesa haikuwa hatarini, kwa kuwa kikomo chake ni nyuzi 89. Aliyekuwa hatarini ni mwanachama wa Yanga aliyekaa kwenye kochi.

Hapo ndipo yalipotokea mambo ambayo nisingeyapata kwa kuomba. Kompyuta ilisogezwa mbali na ukuta ili ipumue, na si mimi niliyeisogeza. Vichujio vya vumbi vikaanza kuoshwa kila Jumamosi pamoja na mapazia. Feni ya kusimama, ambayo mwaka mzima ililinda chumba cha kulala, ikahamishiwa sebuleni na kuelekezwa kwenye keisi, siyo kwangu. Jioni moja nilimkuta ameinamia kioo, anasoma namba. "Sabini na nne," aliniambia bila kugeuka. "Ukipunguza vivuli kwenye gemu itabaki njano." Alikuwa sahihi kabisa. Mashine ile sasa inapoa vizuri kuliko ya yule rafiki yangu mjuzi, na ikipoa inashikilia kasi yake ya juu kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo wanaosema taa haziongezi kasi waje sebuleni kwetu tuzungumze.

Juzi ameleta hoja ya kiyoyozi. Mimi nilikuwa nikikiomba tangu tuhamie nyumba hii, nikijibiwa kwamba umeme si wa kuchezea. Sasa yeye mwenyewe ameulizia bei na amepima ukuta. Ana sharti moja tu: siku ya mechi ya watani nisifungue gemu lolote, kompyuta ishinde imepumzika ikimulika kijani, na mimi niangalie mpira nikiwa nimekaa mbele yake. Nimelikubali mbele ya watoto. Kadi ya shangazi ni nyeupe, na weupe ule hakuna programu ya kuubadilisha.