Chenji ya Pipi

Jamani, mimi na ngano tumeachana. Sikutaka mimi. Daktari ndiye aliyetoa talaka, tena tatu kwa mpigo.

Miaka minne tumbo linaunguruma kama daladala ya Mbagala inapanda mlima. Kila zahanati naambiwa taifodi. Nameza. Naambiwa amiba. Nameza. Naambiwa minyoo. Nameza, na nyumba nzima inameza, mpaka shemeji aliyekuja kututembelea siku mbili. Jirani akasema nimerogwa, na hapo nusura nimwamini maana ushauri wake ulikuwa wa bure. Mwisho hospitali kubwa. Wakanitoa damu, wakanishusha mpira wenye kamera kooni, wakasema siliaki. Nikauliza dawa yake. Hakuna, mzee wangu. Acha ngano, shayiri na rai mpaka kaburini. Eti humo mna kitu kinaitwa gluteni, ndicho kinachofanya donge la chapati livutike. Mwili wangu ukikiona unapiga yowe la mwizi, unarusha mawe, na mawe yote yanaangukia utumbo wangu mwenyewe.

Chapati wala sina ugomvi nayo. Adui muungwana yule. Unamwona kabisa amekaa kwenye kikaango, unamsalimia, unapita zako huku machozi yanakulenga. Ugali upo, wali upo, muhogo upo, sijafa. Kinachonimaliza ni ngano ya kujificha.

Sasa Mangi wa dukani kwetu hana chenji. Hajawahi kuwa nayo tangu afungue duka. Ukimdai mia anakupa pipi mbili, na anakupa kwa sura ya mtu anayekufadhili. Zamani nilikuwa nazitia mdomoni kabla sijageuka. Siku hizi nasimama pale pale dirishani, nawasha tochi ya simu, naikunjua karatasi ya pipi, nasoma. Mtu mzima na kipara chake anasoma pipi. Nyuma foleni. Mtoto wa darasa la tatu akaniuliza, "Babu, inasemaje?" Babu! Mimi nina miaka 46.

Na herufi zenyewe mayai ya chawa. Juzi nikapewa yenye maandishi ya Kiarabu matupu. Nikamkimbilia ustadh wa pale kwenye kona. Akavaa miwani, akaisogeza, akaitenga mbali, akasema, "Kuna sukari. Kuna maziwa. Kuna sha'ir." Nikafurahi kweli. Nikasema hawa wenzetu wastaarabu, mpaka kwenye pipi wanaweka shairi! Nikamwomba anighanie. Ustadh akanitazama kama anayetafuta pa kuanzia. "Shayiri, bwana. Nafaka." Ile ile ya kwenye talaka yangu. Mzee aliyekuwa anauza kahawa alicheka mpaka akaweka birika chini.

Basi nikajifanya mjanja, nikahamia chokoleti za punje za mchele. Mchele! Mchele hauna gluteni, hata mimi nalijua hilo. Usiku ule choo kilinitambua kwa nyayo. Asubuhi mke wangu akasoma karatasi, maana yeye huwa anasoma kabla ya kula: punje zimetiwa kimea. Kimea cha nini? Cha shayiri. Nikanyamaza. Akasema, "Endelea tu kujua." Kumbe kule Ulaya hata zile pipi nyeusi za likorisi, nyingi zinakandwa kwa unga wa ngano kama maandazi. Bahati yangu sina nauli.

Ila dawa ndiyo iliyonidhalilisha. Kichwa kiliniuma wiki iliyopita, nikaenda duka la dawa. Nikakumbuka daktari alisema kidonge si dawa tupu. Humo mna pia vya kushikilia, na kimojawapo ni wanga. Kwa kawaida wa mahindi au viazi, wa ngano ni nadra, lakini uliza. Nikauliza.

"Dada, hii ina ngano?"

"Baba, unataka dawa au sambusa?"

Duka zima kicheko. Nikang'ang'ania. Akanitolea karatasi ya ndani ya boksi, ile iliyokunjwa mikunjo kumi na nne, ukiifungua inakuwa kanga. Nikaitandaza juu ya kaunta, nikamfunika mama wa watu na cheti chake cha presha. Nikasoma madhara yote kwanza, kwa bahati mbaya. Kizunguzungu, nikakisikia. Upele, nikajikuna. Chini kabisa, mstari wa mwisho kasoro mmoja: wanga. Wa nini, hawakusema! Dada akavuta pumzi, akapiga simu kwa muuzaji wa jumla, akashika simu begani, akawa ananiangalia tu. Dakika kumi. Yule mama mwenye presha akakaa chini. Kisha jibu: mahindi.

Yaani kidonge ni ugali! Nilitaka kumkumbatia. Hata kichwa chenyewe kilikuwa kimeshaacha kuuma, ila kwa fujo niliyofanya ningeondokaje bila kununua? Elfu moja na mia tisa. Nikatoa buku mbili, nikanyoosha mkono.

Dada akafungua droo. Akaifunga. Akainama chini ya kaunta, akaibuka anatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Baba, chenji sina."

Pipi mbili. Za Kiarabu.