Mama Mkwe na Ngome ya Edinburgh

Tangazo lilitoka tarehe 25 Juni 2024. Gemu ya mbio za magari iitwayo Forza Horizon 4 ingeondolewa katika maduka ya mtandaoni tarehe 15 Desemba mwaka huohuo. Aliyekwisha kuinunua angeendelea kuicheza. Aliyekuwa akiicheza kwa kulipia kifurushi cha mwezi, kama sisi, angeamka na kukuta haipo. Kitinda mimba wangu alitusomea habari hiyo tukiwa tunakula, na mtu wa kwanza kuweka kijiko chini alikuwa mama mkwe.

Mama mkwe alikuja kukaa nasi hapa Coventry baada ya baba mkwe kufariki. Tanga alikuwa mtu wa barazani, mtu wa kupita kwa jirani na kupitiwa. Huku baridi ilimfungia ndani. Kuanzia Oktoba hatoki ila kwa daktari, siku nzima yuko sebuleni na shali mbili mabegani, tasbihi mkononi, wajukuu wanacheza mbele yake naye hata hawaangalii. Siku moja likapita gari kwenye kioo, akasema kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu msibani: "Simamisheni hapo!"

Ilikuwa Land Rover ya zamani, Series III ya mwaka 1972. Baba mkwe aliendesha Land Rover ya namna ile miaka mingi katika shamba la mkonge, na mkewe aliijua kwa mlio kabla haijakata kona ya nyumbani. Magari yale yaliundwa Solihull, mji jirani kabisa na huu tunaokaa. Aliposikia hivyo akanyoosha mkono, akaomba pedi.

Wanaodhani gemu za magari ni kelele na kugongana hawajamwona mama mkwe akiendesha. Hakushindana na mtu. Gemu hii imetengenezwa na Playground Games, ambao ofisi zao ziko Leamington Spa, mwendo mfupi tu kusini mwa kwetu, nao waliitandaza Uingereza yao humo ndani kwa mapenzi makubwa: vijiji vya mawe vya Cotswolds, milima na maziwa ya Lake District, ngome ya Bamburgh ufukweni, daraja la reli la Glenfinnan, hadi mitaa ya Edinburgh. Magari yanapita kushoto kama kwetu, na yeye alishika kushoto kwake. Kila Alhamisi msimu unabadilika kwa wachezaji wote duniani kwa pamoja: majira ya majani makavu, kisha theluji, kisha maua, kisha jua. Theluji ikiingia, ziwa kubwa huganda, na mtu anaweza kulivuka kwa gari juu ya barafu. Mama mkwe alivuka polepole, bismillahi mdomoni, akafika ng'ambo, akageuka kututazama wote. Mwanamke ambaye hakuwahi kushika usukani maishani mwake aliijua Uingereza kuliko mimi niliyehamia huku kabla yake.

Tena akawa mweka hazina. Katika gemu hii mchezaji hupata krediti kwa kushinda, na kwa krediti hizo hununua magari na nyumba. Nyumba ghali kuliko zote ni Ngome ya Edinburgh yenyewe, bei yake krediti milioni 15. Mama mkwe aliitaka. Wajukuu wakishinda mbio, fedha zinaingia kapuni na yeye ndiye anayelilinda kapu. Magari ya ziada waliyoyapata kwa bahati aliyapeleka mnadani, maana gemu ina mnada wake, na alikaa pale akingojea bei ipande kwa uvumilivu ambao mwanawe hana. Kifungua mimba alipochukua krediti milioni mbili kwa siri akanunua gari la mbio la Kiitaliano, nyumba ilinuna. Chai ilinywewa kimya. Aliliuza gari lile mwenyewe, akarudisha fedha na kuomba radhi kwa bibi yake. Tangazo lilipotoka, hazina ilikuwa imepita milioni 11.

Gemu hii haikuondolewa kwa sababu imeharibika. Ilipotoka Oktoba 2018 ilikuwa na magari yapatayo 450, na mengine yakaongezwa baadaye. Kila gari lina mwenyewe: jina, nembo, hata umbo la bodi ni mali ya kampuni iliyoliunda. Waundaji wa gemu huomba ruhusa kwa mkataba, na mkataba una mwisho. Nyimbo zinazopigwa kwenye redio ya gari nazo ni vivyo hivyo. Mikataba ikiisha, kuendelea kuuza ni kuanza mazungumzo upya na wenye magari wote na wenye nyimbo wote, kwa gemu ambayo mrithi wake yuko sokoni tayari. Ndugu zake watatu waliotangulia waliondolewa hivyohivyo, wa kwanza 2016, wa pili 2018, wa tatu 2020. Ruhusa hizi huonekana hata kwa yasiyokuwepo: gemu ilipotoka, Toyota za kawaida za barabarani hazikuwamo kabisa, mpaka mwishoni mwa 2019 iliporudi Supra ya 1998. Mama mkwe alikuwa akisema kwamba barabara isiyo na Toyota haijakamilika, na kwa mtu wa Tanga hilo ni jambo la kweli.

Miezi ikapita kwa ubishi. Baba watoto alishikilia kuwa tunalipa kila mwezi bila kukosa, basi hakuna wa kututolea kitu sebuleni, na hatalipa mara mbili kwa kitu kimoja. Nilimwelewa. Mtu aliyekulia katika nyumba ambayo redio ikinunuliwa inakuwa ya nyumba mpaka ife, anaionaje fedha inayotoka kila mwezi isiyomwachia chochote mkononi? Kifungua mimba akashauri tuhamie gemu iliyofuata, Forza Horizon 5, ya Mexico. Mama mkwe akajaribu jioni moja, akairudisha pedi. "Huko wanapita kulia," akasema. "Mimi nitaua watu."

Ndipo akaja shemeji kutoka Birmingham, ambako anaendesha teksi. Watoto wakampa habari zote, naye akaondoka kimya. Juma lililofuata alirudi anacheka, akaiweka diski mapajani mwa mama yake. Alikuwa ameipata kwenye duka la vitu vilivyotumika.

"Mama, gemu yako hiyo. Hii haji mtu kukuondolea."

Mashine yetu ya gemu ni yeye aliyetuletea, zawadi ya Idi, ndogo na nyeupe. Aliishika diski, akaipeleka mbele ya mashine, akaipeleka upande, akaigeuza mashine juu chini. Kulikuwa na matundu ya hewa na matundu ya waya. Mama mkwe akasogea akavaa miwani.

"Mdomo wake uko wapi?"

"Haina, bibi," akasema kitinda mimba. "Baba mdogo, hii haina mdomo. Ile yako ndiyo inakula diski."

Mashine za aina hii zinauzwa kwa bei nafuu kwa sababu hazina mahali pa diski. Kila kinachochezwa humo lazima kishuke kutoka mtandaoni, kwa hiyo mlango wa kuingia gemu ni mmoja tu, na mlango huo ni duka. Shemeji aliumia. Alikuwa amefurahi sana kumletea mama yake kitu cha kushika.

Hata diski yenyewe si kinga siku zote. The Crew, gemu nyingine ya magari iliyotoka 2014, ilizimwa tarehe 31 Machi 2024. Seva zake zilipofungwa haikuchezeka tena, hata kwa waliokuwa na diski kabatini, kwa sababu ilitaka kuunganishwa mtandaoni muda wote. Waliolipa fedha taslimu walibaki na kasha. Afadhali Forza Horizon 4, ambayo inachezeka hata bila mtandao na wenye nakala waliachiwa nakala zao.

Baba watoto alikubali kununua Jumamosi tarehe 14 Desemba, baada ya sala ya isha, kesho yake ikiwa ndiyo siku. Kilichomgeuza hakusema. Mimi naamini ni kule kumwona mama yake, tangu asubuhi, akipita mji mmoja hadi mwingine kwa ile Land Rover kama mtu anayeaga majirani. Alitoa kadi, kifungua mimba akabonyeza mahali pa kununua, na kioo kikajibu kwamba akaunti hii ni ya mtoto, mkubwa wa familia aidhinishe kwanza. Mkubwa wa familia, kwa mujibu wa mashine, alikuwa shemeji. Yeye ndiye aliyeiwasha siku ile ya Idi na kuwafungulia watoto akaunti chini ya jina lake.

Jumamosi usiku, mwezi wa Desemba, dereva wa teksi Birmingham hapokei simu. Tulipiga. Baba watoto alipiga, mama mkwe akapiga kwa simu yake, kitinda mimba akamtumia ujumbe wa sauti uliokuwa kilio kitupu. Mke wa shemeji naye akaamshwa. Watoto wangu walikataa kulala, nami sikuwalazimisha. Niliinjika chai ya tangawizi, nikakaanga bajia, tukakaa kama watu wanaongoja mgeni wa usiku.

Saa tano usiku teksi ikasimama mlangoni. Shemeji aliacha kazi akaja mwenyewe, hakusema hata hodi. Hakutaka kuhangaika na maombi ya idhini na maneno ya siri aliyokwisha kuyasahau. Aliingia kwa akaunti yake mwenyewe papo hapo kwenye mashine yetu, akainunua kwa fedha yake, akampa mama yake pedi. "Endesha, mama."

Mama mkwe akaiwasha. Kioo kikamkabidhi McLaren Senna kwa mwendo wa risasi, maana hivyo ndivyo gemu hii inavyomkaribisha mgeni. Land Rover haikuwapo. Hazina ilikuwa imetoweka. Kwa gemu, aliyeshika pedi alikuwa shemeji, mtu mpya asiye na historia humo. Mama mkwe aliiweka pedi juu ya meza taratibu, akasema, "Milioni 11 za watoto," na kitinda mimba akaanza kulia upya.

Aliyetuokoa ni kifungua mimba, yuleyule wa gari la Kiitaliano. Alieleza kwamba akaunti ya mtu huruhusiwa kuitambua mashine moja tu kuwa ya nyumbani kwake, na kila anayekaa kwenye mashine hiyo anaweza kucheza gemu za mwenye akaunti kwa jina lake mwenyewe, na kumbukumbu zake mwenyewe. Nyumbani kwa shemeji, kwa mashine, kulikuwa Birmingham. Inabidi kuwe hapa.

"Na watoto wangu kule watacheza nini?" shemeji akauliza.

Mama mkwe akainuka, akaenda kabatini, akarudi na ile diski. Mashine ya Birmingham ina mdomo.

Wakabadilisha. Wakafungua kwa akaunti ya mjukuu, na kila kitu kilikuwa pale: Land Rover, ziwa, krediti zote. Shemeji alikula bajia zilizobaki akarudi barabarani. Ngome ya Edinburgh ilinunuliwa mwezi Februari, na mama mkwe aliita watu wote sebuleni, na Tanga akawapigia kwa simu ya picha ili waione.

Nasimulia haya kwa kuwa najua nyumba nyingi zetu za ughaibuni na za pwani zinaingia katika hali hii bila kuijua. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2024, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2025: duka la mtandaoni linalouza kitu linachoweza kukifunga baadaye halina ruhusa ya kumwambia mteja "nunua" bila kumweleza wazi kuwa anachopata ni leseni. Ulaya, kampeni ya Stop Killing Games aliyoianzisha Ross Scott baada ya The Crew kuzimwa ilipita sahihi milioni moja Julai 2025, ikidai gemu iliyouzwa iachwe katika hali ya kuchezeka. Hapa Uingereza ombi kama hilo kwa Bunge lilipita sahihi 100,000, na moja ni ya baba watoto. Madai hayo ni ya haki. Mkataba wa nembo ukiisha ni sawa duka liache kuuza, lakini kuuacha mlango wazi kwa aliyekwisha lipa ni wajibu, na kumwonya mapema anayelipa kwa mwezi ni wajibu pia. Sisi tulionywa karibu miezi sita kabla, na bila onyo lile ngome ingebaki ndoto.

Basi, ndugu msomaji, kama kuna gemu nyumbani kwako ambayo wazee au watoto wameizoea, fungua mashine leo uangalie mambo mawili: mmeinunua au mnailipia kwa mwezi, na akaunti ni ya nani. Kama ni ya shemeji, mpigie simu akiwa hayuko kazini.