Hakuna Tamu Bila Sweta

Katika miji ya Nyanda za Juu Kusini, hasa Iringa na Mbeya, Kiingereza cha watu wengi hakikuanzia kwenye kamusi bali kwenye misemo ya kutia moyo, yaani zile sentensi fupi zinazopakwa rangi kwenye kuta za shule na migongo ya bajaji, ambazo kazi yake ni kumwaminisha msomaji kwamba kesho atafanikiwa hata kama leo hana nauli. Chanzo chake si kigumu kukiona: tangu 1967 shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, kisha mtoto akiingia kidato cha kwanza hukuta karibu kila somo limegeuka Kiingereza, lugha ambayo mpaka siku hiyo ameiona zaidi ukutani kuliko alivyoisikia mdomoni mwa mtu. Basi huchota msamiati pale anapoukuta.

Methali hukaa kichwani, na hilo halina ubishi. Tatizo ni kwamba neno lililoingia na methali halikubali kutoka peke yake, bali huja na ukoo wake wote. Anayelijua neno "stitch", yaani mshono mmoja wa sindano, hulijua pamoja na ile "nine" inayookolewa na mshono uliowahiwa, na akitenganishwa nayo hubabaika. Tena wenye methali hawakusema hizo tisa ni tisa za nini, jambo ambalo fundi cherehani yeyote angelitaja kabla ya kupokea malipo.

Msemo uliozaa matunda mengi kuliko yote ni "No sweet without sweat", usemao kwamba utamu haupatikani bila jasho. Maneno yake mawili makuu, yakifika kwenye sikio lililozoea Kiswahili, husikika kama pacha, na huko Mafinga, ambako mwezi wa Julai baridi huingia mpaka kwenye mifupa, mwanafunzi huamua haraka kwamba la pili ni sweta iliyokatwa mkia. Maana anayoipata, kwamba asiyevaa sweta hataonja utamu, ni potofu kimsamiati, lakini kwa hali ya hewa ya mahali hapo ina ukweli kuliko ile ya asili, kwani Julai jasho lenyewe halionekani.

Kuhusu lile jiwe la methali, libingirikalo bila kuota uoto wa kijani, ambalo Waingereza wenyewe hawakubaliani kama linasifiwa au linasutwa, inatosha kusema kwamba Iringa ina Gangilonga, mwamba ambao jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, na ambao umepata sifa yake bila kubingirika hata hatua moja.

Mbeya, kwa upande wake, ina mawingu. Methali isemayo kwamba kila wingu lina "silver lining" humfikia mjifunzaji vipande vipande: "lining" ni bitana, kile kitambaa laini kinachoshonwa ndani ya koti, na "silver" ni fedha, neno ambalo kwa Kiswahili ni madini na ni pesa pia. Mwandishi wa insha hii, akiwa kidato cha pili, aliunganisha vipande hivyo kwa namna yake, akafumua bitana ya koti la mtumba lililonunuliwa katika soko la Mwanjelwa kwa pesa za mama yake, akapata kifungo kimoja na tiketi ya basi iliyofifia, pamoja na maelezo marefu ya kumpa mama jioni ile.

Mwandishi huyohuyo, siku aliyochelewa katika shule moja iliyo nje kidogo ya mji, alitakiwa kujieleza kwa Kiingereza, na kwa kuwa hakuwa na sentensi yake mwenyewe alitoa iliyokuwa tayari: "Better late than never", afadhali kuchelewa kuliko kutofika kabisa. Mwalimu wa zamu, ambaye ndiye aliyeuandika msemo huo ubaoni wiki iliyotangulia, alinyamaza kidogo, akajibu kwamba ndege awahiye ndiye apataye "worm", kisha akamkabidhi jembe na kumwonyesha shamba la maharage la shule. Neno hilo halijasahaulika mpaka leo. Ni nyungunyungu, na saa nne asubuhi walikuwa bado tele ardhini, kwa kuwa ndege waliowahi walikwishashiba wakaondoka.