Pora wa Singida

Bibi yake mke wangu, ambaye kwa utani huniita mume, aliona kuku wangu wa Mbagala wanataga mayai yasiyo na baba. Akanitumia pora kutoka Singida kwa basi, ndani ya boksi la biskuti lenye matundu. Ana miezi mitano hivi, miguu mirefu, upanga ndiyo kwanza unaanza kuwa mwekundu, na akiwika sauti inakatikia njiani.

Nilimtenga wiki mbili kwenye tenga nyuma ya nyumba, nikamdondoshea chanjo ya mdondo jichoni. Kisha nikalisogeza tenga bandani ili wazoeane. Walichozoea wale majike ni kuja kumchungulia, kumgeuzia mkia na kuondoka.

Miaka ya 1920, Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe aliandika kwamba kuku huishi kwa vyeo, na vyeo hugawiwa kwa mdomo: kila mmoja anajua wa kumdonoa na wa kumkimbia. Kwangu cheo cha juu anacho koo mmoja mweusi, kidari mbele, tunamwita Mwenyekiti.

Wafugaji hushauri umwingize mgeni usiku, kwa kuwa kuku gizani haoni vizuri. Wakiamka watadhani alikuwepo siku zote. Nilimpandisha kichanjani taratibu, katikati ya wenyeji. Alfajiri nikasikia kishindo. Mwenyekiti alikuwa amemshika upanga, anamvuta kama mwalimu wa zamu aliyenasa mtoro. Dume zima likajificha nyuma ya pipa la maji.

Mchana akajaribu mapenzi. Akashusha bawa moja, akalikwaruza chini, akamzunguka Mwenyekiti kwa madaha. Mama wa watu alikuwa anaoga vumbi. Akaendelea kuoga, vumbi lote likaishia usoni kwa mchumba.

Kilichomwokoa ni mchwa. Siku moja alifukua kichuguu karibu na ukuta, akamdonoa mchwa, akamwacha chini, akaita kokokoko. Majike wakaja mbio, hata Mwenyekiti, wakala wote. Yeye kasimama pembeni, shingo juu, hana hata mmoja tumboni. Tangu siku hiyo hadonolewi, mradi aendelee kufukua.

Bibi akapiga simu. "Mume wangu, vipi, mwenzio ameshalishika banda?"

"Anatafuta chakula kutwa, akipata anawaita, wanakula wao."

"Basi huyo ameshaoa," akasema, kisha akaniuliza ile hela ya dawa ya mgongo naituma lini.